Makala Imefungwa? Usitoe Hela Kwanza

Ni saa sita usiku na tasnifu inakusubiri. Umepata makala ya kisayansi uliyokuwa ukiitafuta wiki nzima, unabofya, unasoma ikisiri, halafu unakutana na ukuta: lipa dola 30 au zaidi ndipo uendelee. Hapo wengi wetu tunafunga ukurasa na kunukuu ikisiri tu, kana kwamba tumesoma makala nzima. Tuseme ukweli, tumeshafanya. Lakini ikisiri mara nyingi haikuambii mapungufu ambayo watafiti wenyewe wameyakiri ndani, kwa hiyo unaweza kujengea hoja yako juu ya kitu usichokijua.

Habari njema ni kwamba makala nyingi zilizofungwa kwenye tovuti ya jarida zina nakala nyingine ya bure, na halali kabisa. Majarida mengi humruhusu mwandishi kuweka toleo lake kwenye hifadhi ya chuo chake, au kwenye hifadhi ya wazi kama arXiv, iliyoanza mwaka 1991. Shida ni kujua nakala hiyo iko wapi.

Kazi hiyo mwachie Unpaywall. Ni kiendelezi, yaani programu ndogo ya bure unayoiongeza kwenye kivinjari chako, kama Chrome au Firefox. Inafanyaje kazi? Karibu kila makala ya jarida ina namba yake ya utambulisho, iitwayo DOI. Ni kama namba ya gari: gari likihama mji, namba ni ile ile. Ukifungua ukurasa wa makala, Unpaywall inaisoma DOI, kisha inaangalia kwenye hazina yake ya data kama kuna nakala halali mahali popote. Ikiipata, pembeni mwa ukurasa inatokea alama ya kijani ya kufuli lililofunguliwa. Bofya, usome. Alama ikiwa ya kijivu, hamna kitu.

Usitegemee muujiza. Waliotengeneza Unpaywall walichapisha utafiti mwaka 2018: kati ya makala ambazo watumiaji wake walizifungua, asilimia 47 zilikuwa na nakala ya wazi. Ni karibu nusu. Kwa nusu iliyobaki, nenda maktaba ya chuo ukaulize kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida bure au kwa bei nafuu. Au mwandikie mwandishi barua pepe. Hela ya ule ukuta kwa kawaida haiingii mfukoni mwake, na wengi hufurahi kusomwa.

Ila jihadhari na jambo moja. Kiendelezi hakiwezi kuiona DOI bila ruhusa ya kusoma ukurasa uliofungua, na ruhusa kama hiyo kwa mtu mbaya ni hatari. The Great Suspender kilipendwa sana, kikauzwa kwa mmiliki mpya, na mwaka 2021 Google ikakiondoa kwa sababu kilikuwa na programu hasidi. Kwa hiyo weka viendelezi unavyovihitaji tu, na usivyovitumia vifute leo.

Halafu rudi kwenye ile makala. Safari hii, isome mpaka mwisho.