Cheo, Umri na Kitenzi: Kumwita Mhadhiri katika Barua Pepe ya Kitaaluma

Makala haya yanafafanua namna heshima inavyojengwa katika barua pepe ambayo mwanafunzi humwandikia mhadhiri au mtumishi wa chuo kwa Kiswahili. Mfano wetu ni wa kubuni, ila mazingira yake yanafahamika Morogoro, mji ulio chini ya Milima ya Uluguru na makao ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoanzishwa mwaka 1984. Afisa ugani mwenye miaka 50 anarudi chuoni kusomea shahada ya uzamili. Msimamizi wake ni mwanamke mwenye shahada ya uzamivu na umri wa miaka 36. Barua ianzeje?

Brown na Gilman (1960) walionesha kuwa lugha nyingi za Ulaya hupambanua mamlaka na ukaribu kwa viwakilishi vya nafsi ya pili. Kiswahili Sanifu hakina upambanuzi huo: "wewe" ni wa mtoto na wa profesa. Kwa hiyo heshima hubebwa na maamkizi, jina la kuitia na umbo la kitenzi.

Tuanze na maamkizi. "Shikamoo" na "marahaba" ni jozi, na kwa kawaida umri ndio huamua nani aanze. Katika barua pepe jozi hiyo hubaki nusu. Aidha, kwa afisa wetu umri na mamlaka vinavutana: akiamkia, anajifanya mdogo, asipoamkia, anachelea kuonekana mjeuri. "Habari za kazi" humwondolea mtego huo.

Kuhusu jina la kuitia, wengi hukimbilia "Mama". Neno hilo lina heshima yake. Hata hivyo, mwanafunzi mwenye wasimamizi wawili wa daraja moja anapomwandikia mmoja "Dkt." na mwingine "Mama", wa kwanza anatambuliwa kwa taaluma yake na wa pili kwa jinsi yake. Heshima ipo, usawa haupo. Cheo cha kitaaluma hakitegemei umri wala jinsi, ndiyo maana kitangulie. Kwa karani, mkutubi au fundi wa maabara, "Ndugu", lililozoeleka katika utumishi wa umma tangu enzi za Ujamaa, lina faida hiyohiyo.

Hata hivyo, cheo hakiokoi kitenzi kibaya. Linganisha:

(1) Nitumie maoni ya Sura ya Pili.
(2) Naomba unitumie maoni ya Sura ya Pili.
(3) Ningeshukuru kama ningepata maoni ya Sura ya Pili.

Sentensi (1) ni amri. Katika (2), kitenzi "naomba" kinaigeuza kuwa ombi. Katika (3), mhadhiri si mtenda tena. Mwandishi ndiye anayeshukuru na kupata, na masharti ya -nge- yanamwachia msomaji nafasi ya kukataa. Kwa kigezo hicho, hata "Husika na mada tajwa hapo juu", iliyorithiwa kutoka barua rasmi, ni amri kisarufi, ingawa mazoea yameifanya isisikike hivyo. Mada ina mahali pake juu ya barua pepe. Haina haja ya kurudiwa.

Afisa wetu basi aandike: "Dkt." na jina la ukoo, "habari za kazi", kisha ajitambulishe na kuomba kwa umbo la (2) au (3). Hapo hajajishusha wala hajamshusha msimamizi wake.