Taharuki: Nani Anajua Nini?

Swali kuhusu taharuki linapoulizwa, watahiniwa wengi hujibu: "Kuna taharuki kwa sababu msomaji anataka kujua kitakachotokea." Mwalimu mwenzangu, jibu hili ni fasili ya istilahi tu. Halionyeshi jinsi mtunzi alivyoijenga taharuki, kwa hivyo halimpi mtahini cha kutuza.

Hebu tutazame filamu ya ujasusi, The 39 Steps, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock nchini Uingereza mwaka wa 1935 kutokana na riwaya ya John Buchan (1915). Jasusi wa kike anamwonya Richard Hannay kwamba kiongozi wa maadui amekatika ncha ya kidole cha mwisho. Usiku huo mwanamke huyo anauawa kwa kisu nyumbani kwa Hannay. Hannay anatorokea Uskoti, polisi wakimsaka kama muuaji. Huko anapokewa vyema na profesa anayeheshimika, akamsimulia yote. Profesa anainua mkono: kidole hakina ncha!

Hapa mtunzi alitupa ishara mapema, tukaibeba hadi mahali tulipodhani ni salama.

Filamu za sauti zilikuwa bado changa, lakini sauti nayo imetumiwa kwa ustadi. Mfanyakazi anapoiona maiti anapanua kinywa kupiga yowe. Tunachosikia ni mluzi wa garimoshi linalomchukua Hannay.

Baadaye maadui waliojifanya polisi wanamfunga Hannay pingu moja na Pamela, anayeamini kuwa Hannay ni muuaji. Sisi twajua hana hatia, Pamela hajui. Pengo hilo huzaa taharuki na kinaya kwa pamoja.

Je, mbinu hii ni ngeni kwetu? La, hasha. Wanafunzi wetu hapa Matinyani wanazijua ngano za eimu, yaani zimwi, anayejigeuza kijana mtanashati ili aoe. Msikilizaji anajua, bibi harusi hajui. Katika riwaya za Kiswahili, msome Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), uone nani anafichwa nini.

Basi mtahiniwa, kabla ya kuandika hoja yako jiulize: Nani anajua? Alijua lini? Nani hajui, na kutojua kwake kutamgharimu nini? Kisha taja tukio mahususi. Hapo utakuwa umeieleza mbinu, si kuitaja tu.