Injini ya Mlima Elgon Ambayo Haikuuona Mlima

Je, wajua kwamba reli ya Afrika Mashariki iliwahi kuwa na injini ya mvuke iliyoitwa Mlima Elgon, nayo haikuweza kuja huku Elgon inakoonekana? Namba yake ilikuwa 5904. Ukipanda Jiwe la Tororo siku isiyo na ukungu, mlima unauona kaskazini-mashariki, mpana, umelalia mpaka, nusu Uganda nusu Kenya. Injini iliyopewa jina lake ilitumikia njia ya Mombasa na Nairobi. Reli za kuja Uganda zisingeuhimili uzito wake.

Daraja lake, la 59, lilikuwa na injini 34, na zote zilipewa majina ya milima yetu: Kenya, Kilimanjaro, Meru, Hanang, Rungwe, Longonot, Ruwenzori, Muhavura, hata Debasien wa Karamoja. Ziliundwa Manchester, Uingereza, katika kiwanda cha Beyer, Peacock, zikaletwa mwaka 1955 na 1956. Moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 32, na ikijazwa maji na mafuta ilifika tani 252. Katika reli zote za dunia zenye upana wa mita moja, hakuna injini ya mvuke iliyowahi kuzishinda hizi kwa ukubwa wala kwa nguvu. Si India, si Brazili, si kokote kwingine. Zilikuwa hapa kwetu, zimepakwa rangi ya damu ya mzee, zikivuta treni za tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Mtoto wa shule wa Busia anafundishwa juu ya wanyama wakubwa wa Afrika Mashariki. Ningependa na hizi azijue.

Siri ya nguvu hizo ni mpango uliobuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeusajili mwaka 1907. Injini ya kawaida hubeba boila lake juu ya magurudumu, kwa hiyo boila haliwezi kunenepa kupita nafasi iliyobaki juu ya magurudumu hayo. Garratt aliligawa gari pande tatu. Fikiria watu wawili wanaobeba mgonjwa kwa machela: mmoja mbele, mmoja nyuma, na mzigo unaning'inia katikati. Hapo katikati ndipo boila lilipowekwa, na kwa kuwa chini yake hapakuwa na magurudumu, liliweza kuwa nene na fupi, umbo linalozalisha mvuke kwa wingi. Wabebaji wawili ni injini kamili, kila moja na pistoni zake na magurudumu yake, ya mbele ikiwa na tangi la maji juu yake, ya nyuma ikiwa na mafuta. Kwenye kona kali kila mbebaji hugeuka peke yake, na gari lenye urefu wa mita 32 hupita mahali ambapo injini fupi ya kawaida ingekwaruza reli. Garratt mwenyewe alifariki mwaka 1913, kabla hajaona uvumbuzi wake ulivyopendwa Afrika.

Kazi ya mvuke ni rahisi kueleza na ngumu kuidhibiti. Katika daraja la 59 boila lilibana mvuke kwa shinikizo la paundi 225 kwa kila inchi ya mraba, na kwa shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi joto 200. Mvuke huo ukifunguliwa njia, hutanuka kwa nguvu, husukuma pistoni, pistoni husukuma mtaimbo, mtaimbo huzungusha gurudumu. Injini zetu za miaka hiyo zilichoma mafuta mazito, si makaa ya mawe. Faimani, yaani mtunza moto wa injini, hakushika sepetu. Alishika vali, na macho yake yalikuwa kwenye bomba la moshi. Moshi mweusi ulimaanisha mafuta yanapotea bila kuungua. Moshi ukikosekana kabisa, hewa inayoingia ni nyingi mno na inalipoza boila. Alichotafuta ni ukungu mwembamba wa kijivu, na alipaswa kuupata tena kila njia ilipobadilika, mlimani na mteremkoni, mchana na usiku. Huu ni ujuzi wa mkono na jicho, na ndio unaonisukuma kuandika makala haya.

Turudi mpakani. Reli iliyotoka Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mzigo wa Uganda uliendelea kutoka hapo kwa meli ziwani. Ndipo likaja tawi jipya kutoka Nakuru, likapanda Timboroa, mahali ambapo njia hupita mita 2,780 juu ya bahari, likateremka Eldoret, likavuka mpaka Malaba na kuingia Tororo. Mwaka 1931 daraja la Jinja likafunguliwa juu ya Mto Nile na treni ikafika Kampala. Tororo ikawa njia panda: reli moja inakwenda magharibi Kampala, nyingine kaskazini Mbale na Soroti, ambayo miaka ya 1960 ilirefushwa hadi Pakwach. Pamba ya Teso na saruji ya Tororo zilipita hapo. Busia haikupata reli. Kwa upande wa Kenya njia ya kutoka Kisumu iliishia Butere mwaka 1930 na haikusogea tena, na wafanyabiashara wa Busia wakategemea barabara na baiskeli za bodaboda.

Reli za tawi hili la Uganda zilikuwa nyembamba, nyingine za ratili 50 tu kwa yadi. Kila ekseli ya kuvutia ya injini ya Mlima Elgon iliikandamiza reli kwa tani 21. Reli nyembamba kama hizo zingepinda. Kwa hiyo kabla hata ya milima hiyo kuja, wahandisi wa Reli ya Kenya na Uganda walikuwa wameagiza Garratt ya namna nyingine, daraja la EC3, iliyoundwa kati ya 1939 na 1941. Walikwepa tatizo kwa kuongeza magurudumu. EC3 ina magurudumu 32, na uzito wake wa zaidi ya tani 180 umetandazwa hivi kwamba ekseli haifiki hata tani 12. Ziliundwa 12 tu, namba 77 hadi 88. Mimi naona hiyo ndiyo injini bora kuliko zote zilizowahi kupita mpaka huu, ingawa wapenzi wengi wa mvuke hulipa daraja la 59 heshima hiyo. Kuwa mkubwa kwenye reli imara ni jambo moja. Kubeba mzigo mkubwa juu ya reli dhaifu, kupanda hadi Timboroa na kushuka salama, ni uhandisi wa juu zaidi.

Moja ya hizo 12 ipo hadi leo. Ni namba 87, jina lake Karamoja, baadaye ikapewa namba 5711, na imesimama katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971. Jirani zake ni wengi, wakiwemo 5918 Mlima Gelai na 5930 Mlima Shengena, ambazo ndizo pekee zilizonusurika kati ya milima ile 34. Nyingine zilizimwa moto katika miaka ya 1970, za mwisho kufikia 1980, zikakatwa vyuma chakavu. Elgon ilikatwa pia. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika moja la reli likagawanywa vipande vitatu. Dizeli zikatawala, na mpakani mlio wa mvuke ukanyamaza.

Lakini haukufa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wa Nairobi waliiwasha tena Mlima Gelai na ikatembea njia kuu. Pia waliiamsha injini nyingine ndogo zaidi, namba 3020, inayoitwa Nyaturu kwa heshima ya watu wa Singida, Tanzania. Watu walijipanga kando ya reli kuzitazama, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa mvuke ulipokoma.

Kuiamsha injini iliyolala miaka 20 si kazi ya kupaka rangi. Boila lina bomba nyingi ambamo moto na gesi hupita zikiwa zimezungukwa na maji. Maji yenye chumvi huacha magamba ndani, na kutu hula chuma kimyakimya. Bomba hung'olewa, mpya zikapachikwa na kukazwa ncha zake kwa ustadi, maana hata uvujaji mdogo huharibu kazi yote. Kisha boila hujazwa maji baridi hadi juu na kushinikizwa kupita kipimo chake cha kazi. Maji yakitumika, chuma dhaifu huvuja tu. Mvuke ungetumika, chuma hicho kingelipuka. Baada ya hapo huja vali za usalama, injekta zinazoingiza maji kwenye boila, na ekseli ambazo beringi zake humiminwa kwa madini laini na kukwanguliwa kwa mkono mpaka zikae sawa. Hata kuwasha moto kunataka subira. Injini kubwa hupashwa taratibu kwa saa nyingi, kwa sababu chuma kikipata moto upande mmoja kabla ya mwingine hutanuka vibaya na kupasuka. Tena injini ya mafuta huhitaji mvuke au hewa ya kushinikizwa ili kunyunyiza mafuta yake, hivyo asubuhi ya kwanza lazima isaidiwe na chanzo kingine.

Nchi nyingine zimeona kuwa kazi hii inalipa. Marekani, kampuni ya Union Pacific iliirudisha njiani mwaka 2019 injini namba 4014 ya daraja la Big Boy, iliyoundwa 1941, na umati ulijaa kando ya reli kila ilipopita. Huko Wales, wananchi wa kujitolea walianza mwaka 1951 kuendesha reli ya Talyllyn ili isifungwe, wakawa wa kwanza duniani kufanya hivyo. Garratt ya kwanza kabisa, K1 ya mwaka 1909 iliyofanya kazi Tasmania, ilitengenezwa upya na kuwashwa tena hukohuko Wales. Zipo pia Garratt zilizotoka Afrika Kusini ambazo sasa huvuta watalii kwenye milima ya Wales. Injini zilizotumikia Afrika zinaingizia kijiji cha Ulaya pato, nasi zetu tumeziegesha.

Najua lipo pingamizi la haki. Reli hii ilijengwa na wakoloni kwa manufaa yao, na injini za daraja la 60, zilizokuja miaka ya 1950, zilibeba majina ya magavana mpaka yalipong'olewa. Sisahau hilo. Ila waliotandika mataruma, waliojaza matangi, waliosimama usiku wa baridi Timboroa na taa mkononi walikuwa wazee wetu wa Busia, wa Tororo, wa Eldoret, pamoja na mafundi wa Kihindi. Ufaimani na udereva wa mvuke ukawa ujuzi wa Waafrika, na uliwasomesha watoto wengi wa mpakani. Kuiacha injini ioze kwa sababu jina la gavana liliwahi kubandikwa ubavuni mwake ni kumpa gavana haki ya kazi ambayo hakuifanya yeye.

Wakati unatukimbia. Oktoba 2024 Uganda ilisaini mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Ni jambo jema, na malori yanayojipanga Busia na Malaba yanahitaji ahueni hiyo. Lakini upana wake si wa mita moja, kwa hiyo Karamoja haitaweza kamwe kukanyaga njia hiyo. Njia ya zamani ikiachwa majani yaote, nafasi ya kuiona injini hiyo ikiingia tena stesheni ya Tororo itakuwa imefungwa. Naomba mashirika ya reli ya Kenya na Uganda yakae pamoja na kuitunza njia ya mita moja kati ya Eldoret na Tororo, hata kwa treni chache za mwaka, na yaanze kulikagua boila la Karamoja sasa. Hiyo ndiyo injini iliyoundwa kwa ajili ya njia hii.

Nawe msomaji, ukifika Nairobi, makumbusho hayako mbali na stesheni kuu. Nenda na watoto, hesabu nao yale magurudumu 32. Na kama nyumbani kwenu Busia, Malaba au Tororo kuna mzee aliyekuwa faimani, dereva au fundi wa boila, washa simu yako umrekodi akieleza alivyousoma moshi. Mafundi watakaoiwasha Karamoja watamhitaji.