Nani Atacheza Naye?

Wiki ya Krismasi, matatu zinazoingia kwetu Muthetheni, Mwala, kutoka Nairobi hujaa unga, mafuta ya kupikia, nguo mpya na, mapajani mwa abiria, vitu vya watoto vya kuchezea. Wapo wazazi wengi hapa wanaofanya kazi mjini huku watoto wakilelewa na susu, yaani nyanya. Mzazi wa namna hiyo hufika tarehe 23 au 24, na mwaka mpya ukiingia tu anarudi kazini. Anataka zawadi ya kumfurahisha mtoto na kumfunza kitu kabla shule hazijafunguliwa Januari. Akiniomba ushauri, kwanza mimi humuuliza: ukishaondoka, nani atacheza naye?

Swali hilo peke yake huondoa nusu ya vitu vilivyo dukani. Chukua ile simu ya plastiki inayoimba alfabeti ukiibonyeza. Mwaka 2016, Anna Sosa wa Northern Arizona University, Marekani, alichapisha utafiti uliolinganisha vitu vya aina hiyo na vitabu vya picha, na pia vitu vya kawaida kama vipande vya mbao. Watoto walikuwa wa miezi 10 hadi 16, wakicheza nyumbani na wazazi wao. Kitu kilipoongea chenyewe, mzazi alizungumza kidogo zaidi. Walipokaa na kitabu, maneno yaliongezeka kwa mzazi na sauti zikaongezeka kwa mtoto. Mtoto mdogo hupata lugha kwa kuongeleshwa na kujibiwa, na betri haijui kujibu.

Kwa mtoto wa chekechea hadi gredi ya pili, ningenunua ubao wa nyoka na ngazi, ule wa karatasi ngumu unaouzwa mgongo kwa mgongo na Ludo. Geetha Ramani na Robert Siegler walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa familia maskini, baada ya kucheza mara 4 tu, dakika 15 hadi 20 kila mara, mchezo wa kusogeza kete kwenye mstari wa namba 1 hadi 10, waliongeza ujuzi wao wa namba, na wiki 9 baadaye bado walikuwa nao. Wenzao waliocheza ubao wa rangi usio na namba hawakupata faida hiyo.

Lakini kuna namna ya kucheza. Mtoto yuko kwenye 14, dadu imetua 3. Akisogeza kete huku akisema "moja, mbili, tatu", amehesabu hatua zake tu. Akisema "kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba", anaona namba ilipo na inakoelekea. Utafiti wa Elida Laski na Siegler wa mwaka 2014, kwa ubao wa hadi 100, ulikuta kwamba waliohesabu kwa namna hii ya pili ndio waliofaidika. Sheria hiyo susu anaweza kuisimamia bila kusoma lolote, na kwa Kikamba akipenda. Mtaala wa shule wenyewe unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao.

Si kila zawadi itoke Nairobi. Wamunyu ni majirani zetu hapa Mwala, na uchongaji wao unajulikana tangu Mutisya Munge aliporudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu humwendea mchongaji kutafuta twiga wa kuuzia watalii. Wewe mwombe vipande vya mbao vilivyobaki, avikate kwa vipimo vinavyolingana: vifupi, vya urefu mara mbili, vya mara nne. Avipige msasa, asivipake rangi. Mtoto atakayegundua kwamba vifupi viwili vinakaa sawasawa juu ya kimoja cha urefu mara mbili ameshaanza sehemu za namba, na hajaambiwa na mtu.

Kwa msichana au mvulana wa miaka 9 au 10 (ndiyo, mvulana pia), nunua nyuzi za mkonge za rangi mbili umkabidhi susu amwanzishie kiondo. Mistari ya rangi haiji kwa bahati: lazima ahesabu nyuzi, arudie mpangilio, na akikosea pahali afumue. Ni hesabu ya wiki nzima, na mwalimu yuko pale pale jikoni.

Vitabu nimevichelewesha kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. Tangu 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, kwa hiyo kitabu cha mazoezi na majibu ya mtihani hakifai kuwa zawadi. Nunua hadithi. Aliye gredi ya juu anaweza kusoma *Ndoto ya Amerika* ya Ken Walibora. Kwa wadogo, mtandao wa African Storybook una hadithi fupi za bure katika lugha nyingi za Afrika. Mtu mwenye simu anaweza kuzipakua kabla ya safari.

Chochote kinachotumia betri bapa ndogo kama kifungo cha shati kikague kabla ya kulipa. Kama kifuniko hakina skrubu, kiache. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa 2.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi hubishana nami sana kulihusu, yaani zawadi ya kuahidiwa: "Ukiwa na alama nzuri nitakuletea baiskeli." Mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake waliwaahidi watoto waliopenda kuchora kwamba wakichora watapewa cheti. Baadaye watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Baiskeli mpe, ila usiifunge kwenye alama, wala usimfanyie mtoto mtihani kwa ubao wa nyoka na ngazi mbele ya wajomba. Na ukiweza, usingoje tarehe 25. Mtume mtu ailete zawadi mapema Desemba, ili ukifika umkute mtoto tayari anajua kukushinda.