Mtoto mwenye nyayo bapa: tumchagulie kiatu gani?
Wamama wenzetu wa Kabongo, mtoto mdogo akikanyaga kwa wayo mzima, tusiogope. Wayo huinuka polepole, mpaka karibu miaka 10. Tumwambie asimame kwa ncha za vidole: uwazi ukionekana chini ya wayo, na haumwi, tumwache akue.

Tusimalize pesa ya mihogo kwa kiatu kigumu cha “kunyoosha mguu”. Utafiti juu ya watoto 2,300 wa India, uliochapishwa mwaka 1992, ulikuta nyayo bapa zaidi kwa waliovaa viatu kuliko waliotembea pekupeku.

Sokoni tuchague kiatu chepesi, kipana mbele, kinachopindika kwa mkono. Tuchore mguu wake kwenye karatasi, twende nayo.

Lakini chooni na shambani avae: minyoo hupenya ngozi. Mguu ukiuma au ukikakamaa, twende hospitali.