Nusu Mita Mbele ya Mjusi

Mjusi dume wa mawe ya Mwanza hana habari ya kujificha. Kichwa, shingo na mabega yake vina rangi ya waridi iliyokolea, kiwiliwili ni buluu, na saa nne asubuhi, jiwe likishapata moto, hupanda juu kabisa na kuanza kupiga pushapu mbele ya majike. Kwa wanasayansi ni Agama mwanzae, jina lililoandikwa na Arthur Loveridge mwaka 1923. Mtaani ni mjusi tu. Kinachomkimbiza ni mtu anayemkaribia, na kwa sababu hiyo nilinunua lenzi ya milimita 135.

Nilikuwa na kamera ya zamani ya filamu, ya aina ya renjifainda, na lenzi moja ya milimita 50. Nikaona nikipata lenzi ndefu ya kuvuta, mawe yote ya Capri Point hapa Mwanza yatakuwa yangu. Filamu ya kwanza iliposafishwa, picha 36 zote zilinionyesha kitu kilekile: punje za jiwe nyuma ya mjusi zinahesabika moja moja, na jicho la mjusi ni ukungu. Nilimpelekea mzee mmoja aliyepiga picha za pasipoti hapa mjini miaka mingi. Alizitazama dirishani, akacheka. "Mwanangu, kioo hakina neno. Hiyo kamera yako inapima kwa rula fupi."

Sikumwelewa siku ile.

Kamera ya renjifainda haitazami kupitia lenzi. Unachungulia kupitia dirisha lake lenyewe, na pembeni kuna kidirisha kingine kidogo kinacholeta taswira ya pili katikati ya ile ya kwanza. Ukizungusha lenzi, taswira ya pili inasogea. Zikilaliana, umepata fokasi. Ni hesabu ileile ya macho mawili. Nyoosha mkono, inua kidole gumba mbele ya Jiwe la Bismarck, fumba jicho la kushoto kisha la kulia: kidole kinaruka. Kisogeze karibu na pua, kinaruka zaidi. Kadiri kitu kilivyo mbali, ndivyo mruko unavyopungua, mpaka unafika mahali jicho haliuoni tena.

Rula aliyoisema mzee ni nafasi kati ya madirisha hayo mawili. Katika kamera za Leica za ukoo wa M ni kama milimita 69, kupita kidogo tu nafasi iliyopo kati ya macho ya mtu mzima. Tena dirisha lenyewe hupunguza ukubwa wa taswira. Leica M3 ya mwaka 1954 ilipunguza kidogo sana, hadi asilimia 91. Nyingi zilizofuata hupunguza hadi asilimia 72, ili lenzi pana zipate nafasi. Zidisha 69 kwa 0.72, unabaki na rula ya milimita 50 hivi. Kwa kamera kama hiyo, kitu kilicho umbali wa mita 100 na kitu kilicho ng'ambo ya ghuba karibu vinalingana machoni. Wanamaji walilijua tatizo hili zamani, wakalitatua kwa nguvu: meli ya kivita ya Kijapani Yamato ilibeba vipima umbali vyenye rula ya mita 15, vilivyotengenezwa na Nippon Kogaku, kampuni iliyokuja kutuuzia kamera za Nikon. Sisi hatuna pa kubebea.

Lakini mjusi wangu hakuwa mita 100. Alikuwa mita tatu. Kwake kosa lilikuwa kwingine, na hapo ndipo panaponipendeza zaidi katika habari hii yote.

Ndani ya mdomo wa kamera kuna kigurudumu kidogo cha chuma. Mkia wa lenzi unakisukuma, nacho kinasogeza ile taswira ya pili. Kigurudumu hicho kimepimwa kwa lenzi ya milimita 50: kutoka fokasi ya mbali kabisa hadi mita tatu, lenzi hiyo husogea mbele kiasi cha milimita 0.85 tu. Lenzi ya 135, kwa safari hiyohiyo, lazima isogee milimita 6.4. Kwa hiyo imechongwa iwe na mtafsiri ndani: pipa linakwenda milimita saba na ushee, kigurudumu kinaambiwa imekwenda moja. Mtafsiri akikosea, kosa nalo linazidishwa mara saba. Tuseme kigurudumu kimelika kwa milimita 0.02, ambayo haifiki hata theluthi ya unene wa unywele. Kwenye filamu, lenzi ya 135 itakuwa imekosea kama milimita 0.14. Ikiwa imefunguliwa f/4, inaruhusiwa kukosea 0.12 kabla ukungu haujaonekana. Imeshapita. Lenzi ya 90 huzidisha kosa hilohilo mara tatu tu, yaani 0.06, na kwa f/2.8 ina ruhusa ya 0.08. Imesalimika, tena ikiwa wazi zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achukue lenzi gani ndefu kwa renjifainda ya mtumba, jibu langu ni 90, na sipepesi macho. Kwa Leica M, 135 ndiyo mwisho wa lenzi zinazoshikana na kipima umbali, na mafundi wa kiwanda chenyewe walijua wako ukingoni: mwaka 1963 waliitoa Elmarit ya 135 ikiwa na miwani yake inayokaa mbele ya madirisha na kukuza taswira karibu mara moja na nusu, ili rula irefushwe kwa ujanja. Inafanya kazi. Pia ni nzito kama jiwe la kusagia. Lenzi za Kisovieti kama Jupiter-11 zina bei ya kuvutia, ila vipimo vyake vya fokasi vilifuata mapokeo mengine, na ukizifunga kwenye Leica zinaweza kukosea kwa karibu hata zikiwa nzima. Mwenye kamera ya dijitali inayoonyesha picha ya lenzi yenyewe kwenye kioo cha nyuma anaweza kuipuuza aya hii yote.

Kabla hujalipa, jaribu. Simama Capri Point, peleka lenzi mwisho wa mbali, tazama jengo la hospitali ya Bugando kule kilimani: kingo zake zilaliane bila kubaki uzi. Tumia jengo au mlingoti, usitumie mwamba. Madirisha ya kamera yamepangwa kwa mlalo, hivyo yanahitaji mstari wa wima, na tumbo la jiwe la Mwanza halina mstari. Ukilazimika, tafuta ufa. Kisha mita mbili, lenzi wazi kabisa, kamera juu ya stendi, na gazeti lililolazwa mshazari. Lenga mstari mmoja uliowekewa alama, piga, safisha, uone ni mstari gani uliotoka. Tochi ndani ya kioo itakuonyesha ukungu wa fangasi, ambao huku ziwani hauhitaji mwaliko.

Na furukombe wa kisiwa cha Saanane? Hapo niseme ukweli: achana naye. Kwa lenzi ya 135, ndege aliye mita 30 anawekwa ndani ya fremu yenye upana wa mita nane, naye ana urefu wa sentimita 70 hivi. Hilo ni shamba la kamera nyingine. Renjifainda ina sifa moja tu kwa ndege: dirisha linaonyesha na kilicho nje ya fremu, kwa hiyo mdiria akianza kuelea juu ya maji unamwona kabla hajaingia. Kwenye kivuko cha Kamanga, hata hivyo, 90 iko nyumbani. Mita tatu, fremu ya sentimita 120 kwa 80: kichwa, mabega, na kikapu alichokumbatia mama anayesubiri.

Niliiuza ile 135, nikapata 90, nikarudi kwa mjusi. Kabla ya hapo nilikaa mezani na kalamu. Lenzi nyingi za 135 haziendi karibu zaidi ya mita moja na nusu. 90 hufika mita moja. Nikapiga hesabu ya upana wa fremu kwa kila moja ikiwa mwisho wake wa karibu. Zote mbili zilitoa sentimita 32. Mjusi yuleyule, ukubwa uleule, na kilichobaki kati yangu na picha ni nusu mita ya jiwe la moto.

Nilitambaa kwa tumbo dakika ishirini. Nilikuwa nimeiweka lenzi kwenye mita moja na kuiacha hapo, nikisogeza mwili badala ya pete, nikitazama mstari wa taya yake ukijigawa mara mbili kisha ukikaribiana. Kwa f/2.8, ukali wote ulikuwa na kina cha sentimita moja na nusu. Akainua kichwa. Mistari miwili ikawa mmoja. Akapiga pushapu, akatoka kwenye fokasi, akarudi, nami sikuwa napumua.