Uchungu wa balungi na vidonge vya presha

Mara nyingi nasikia watu wakisema balungi hushusha presha kwa kuwa ni chungu. Uchungu ule huletwa zaidi na naringini, kemikali ya mmea iliyoungana na sukari mbili na bado ikabaki chungu. Mwaka wa 1991 watafiti wa Kanada walionyesha kuwa juisi ya balungi huzidisha nguvu ya felodipini, dawa ya presha. Naringini ilishukiwa kwanza, lakini baadaye lawama kubwa ikaangukia furanokumarini, kemikali nyingine za tunda hilohilo. Hizo huzuia kimeng'enya cha utumboni kinachoivunja dawa, nayo ikaingia kwa wingi katika damu. Presha yaweza kushuka kupita kiasi. Ndugu msomaji, kabla hujamkamulia balungi mzee anayemeza vidonge, muulize daktari wake.